Hebu Tembea Nikuone

Jumapili, Lindi

Yule mama hanitoki akilini. Miaka yote hii ukumbi wangu umetoa wachekeshaji na waimbaji wa ngoma za kwetu, nami nikajiona mjuzi wa vipaji. Kumbe!

Leo tumemzika mjomba kule Mchinga. Kabla jeneza halijatoka, Bi Somoe, mtani wa ukoo wetu, akavaa kofia ya marehemu, akashika mkongojo wake, akapita katikati ya waombolezaji akikohoa na kugombana na kuku. Mjomba huyo huyo! Mjane, ambaye alikuwa hajatamka neno tangu jana, akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Ndipo akaweza kulia.

Tuliporudi kutoka makaburini nikamfuata. "Mtani, njoo Ijumaa ukumbini kwangu. Nitakupa jukwaa."

"Watu wako huja kufanya nini?"

"Kucheka."

"Sasa kama wanakuja kucheka, mimi wa nini? Hawa wangu walikuja kulia."

Wale wote niliowapandisha jukwaani, ni yupi angethubutu kusimama pale uani leo?

Nikaaga. Akaniita, "Mtani! Hebu tembea nikuone."

Nikatembea mpaka kwenye gari. Nyuma yangu wanawake wakaangua kicheko.

Sasa natembea chumbani, nakwenda na kurudi mbele ya kioo, natafuta alichokiona. Sikipati. Siku atakayovaa kofia yangu na kukionyesha, watakiona wote isipokuwa mimi.