Hedifoni za Kukusikia Ukinyamaza

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayeanza maneno kabla ya salamu amekuja kugomba. Basi nimesalimu. Sasa nigombe.

Nimenunua hedifoni. Si zile zinazoning'inizwa stendi kama samaki kwenye kamba. Ni zile ndogo za kuingia ndani ya sikio, za watu wanaosikiliza muziki wakiwa wameketi, zinazokaa kwenye kabati la kioo lenye kufuli. Bei sikutajii. Marehemu anaombewa utulivu, hashtuliwi. Jua tu kwamba zamu yangu ya upatu ilifika, na yote imeingia masikioni. Shoga yangu Mwanaidi, ambaye alikuwa ameshanichagulia mpaka rangi ya friji, alishika kiuno pale kibandani kwangu mbele ya wateja: "Zuhura! Friji zima umelitia masikioni? Haya, na samaki utawagandisha kwenye huo waya?" Nikamwambia samaki nitamla siku hiyo hiyo, kama walivyomla bibi zetu. Amenuna, lakini simu yake bado anakuja kuichajia kwangu.

Kisa chenyewe hukijui, maana kilianza ulipokwisha kuondoka.

Matanga yalipovunjwa, Baba Mdogo aliniita barazani. Unamjua mdogo wako, hatamki jambo mpaka amalize kuikunja kanzu magotini. Akasema: "Zuhura, ile kadi ya kumbukumbu ya simu, yenye udi aliopiga baba yako, utanikabidhi siku ya arobaini. Tuichome." Nikauliza kwa nini. "Kila mkiucheza ule muziki, mwenyewe anaulizwa huko aliko. Mnambebesha mzigo."

Hakusema kwa ubaya, Baba. Yeye ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea, na mpaka leo akikutaja jina anatazama pembeni. Mtu mbaya ni rahisi kumjibu.

Ya kuulizwa nimemwachia Mwenyezi Mungu, ndiye aliyekupa vile vidole. Kila nikisali nakuombea, na nitaendelea. Lakini kadi sitoi. Umesukuma chumvi Saadani mpaka viganja vikapasuka, na ukirudi nyumbani ulikuwa unavipaka mafuta ya nazi kwanza, usije ukazikwaruza nyuzi. Mtu wa namna hiyo sitamtia kwenye mkaa pamoja na ubani.

Utasema, wewe si fundi simu? Nakili yaliyomo, mpe ami yako kadi, mambo yaishe. Nilifikiria. Ni kazi ya muda wa kunywa chai. Lakini huko ni kukuiba, na mimi sikutaka baba wa kuibwa. Nilitaka ubaki mchana kweupe, kwa ruhusa, watu wakijua. Na kabla sijasimama kukutetea nilitaka nijue natetea nini, kwa sababu kwenye spika ya simu ulikuwa unasikika kama nyuki ndani ya kopo. Halafu nyumba ina eda, ina wageni wa rambirambi. Huwezi kuwachezea watu udi wakati wanasoma Yasini.

Basi nikaenda Kariakoo na simu yako ya zamani, ile yenye tundu la waya. Hedifoni zisizo na waya nilizikataa nikiwa bado mlangoni. Zina betri, na betri mimi nazijua, zinakufa. Kwa sasa nimetosheka na vitu vinavyokufa.

Muuzaji alikuwa kijana wa shati lililonyooka, manukato yake yanafika kabla yake. "Dada, jaribu hizi. Besi lake linakuingia mpaka kwenye figo." Nikamjibu figo zangu hazijaomba kitu. Akaniwekea wimbo wake, nikauzima, nikakuweka wewe. Akaazima sikio moja asikilize.

"Hii mbona haina ngoma?"

"Haina. Ni mtu mmoja na ubao wake."

Akanitazama kwa huruma.

Za kwanza zilikutia ndani ya pipa. Uzi mnene ulivimba ukazimeza nyembamba zote, ikawa unapiga udi kisimani. Za pili zilikuwa safi, safi kupita kiasi: risha lako la kupigia nyuzi likawa linakwaruza kama kijiko kwenye ukoko, mpaka jino likaniuma. Nikajaribu nazo ile kanda ya fidla uliyopewa na padri mzee wa misheni, ile niliyokuhamishia kwenye simu. Fidla moja peke yake, unakumbuka, ulikuwa unasema huyo mpigaji ama ana njaa ama anapenda. Humo alilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikavua.

Muuzaji akaanza kuchoka. "Dada yangu, kwani hasa unatafuta nini?"

Hapo nikakuona, Baba. Nakuona umenikalisha mkekani, unaupiga uzi mmoja, unanyanyua mkono juu. "Usiusikilize unapolia, mwanangu. Unapolia hata mbuzi anausikia. Usikilize unaponyamaza." Nami nafumba macho, nanyoosha shingo, na kabla uzi haujafika mwisho wake Mama anapiga kelele jikoni: "Baba Zuhura! Hicho kibuyu chako kinanipasua kichwa!" Maisha yenu yote. Hakuwahi kukiita udi. Kibuyu. Na wewe hukuwahi kujibu, ulikuwa unacheka kwa pua tu.

Nikamwambia yule kijana: "Natafuta zinazojua kunyamaza."

Akajikuna kidevu. Kisha akainama, akafungua kabati la chini kabisa. "Kuna hizi. Lakini nakwambia ukweli, wateja wanazirudisha. Wanasema mbovu, hazitikisi."

Sikio langu la kushoto ni dogo kuliko la kulia, hilo nimelirithi kwako na sijawahi kushukuru. Vipira vilivyofungwa nazo vikawa vinapwaya upande mmoja, sauti inavuja, udi umekonda. Alitaka nivumilie. Nikamlazimisha anipe kipira kidogo kushoto na cha kati kulia, akanung'unika kwamba ninamharibia seti. Kipira kilipokaa sawasawa, Kariakoo yote ikaondoka, na honi zake na matangazo yake.

Ukakohoa.

Kile kiti chako cha mguu mfupi kililalamika. Ulivuta pumzi puani, kama ulivyokuwa ukifanya kabla ya kuhamisha mkono. Ukaupiga uzi. Uzi ukalia, ukapungua, ukapungua tena, ukawa kama mtu anayekwenda zake bila haraka, na hakuna aliyeukata. Halafu, nyuma ya udi, mbali, nikasikia mtu anaimba. Mdomo umefumbwa, sauti ya kike, inakufuata hatua kwa hatua. Nikavua, nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na feni tu.

Muuzaji akauliza, "Mbovu?" Nikamwambia, "Nifungie."

Nyumbani Mama yumo chumbani, amekaa eda yake kimya, ushungi mpaka kwenye nyusi. Niliingia, nikarudisha pazia, nikamtia hedifoni moja chini ya ushungi. Alitaka kuisukuma. Kisha mkono ukabaki hewani. Nikamwangalia anavyosikiliza: kwanza alikasirika, kisha akakaza macho ukutani, kisha midomo ikaanza kutetemeka, na pale pale Shangazi akaingia na sinia la uji. Kuona waya na machozi, Shangazi akaweka sinia chini taratibu. "Mashaallah. Wifi yangu anasikiliza kisomo." Akatoka kunyata, akawatangazia wanawake wote uani. Mama akanitazama. Mimi nikautazama uji.

Tulipobaki wawili nikamwuliza: "Mama, ni nani anaimba humo?"

"Nani?"

"Nyuma ya udi."

"Huyo si mimi. Huyo ni Mama Hamisi wa nyumba ya pili."

Mama Hamisi alihamia Mkange kabla sijakununulia simu ile iliyokurekodi. Sikumkumbusha. Nilinyoosha mkono nichukue hedifoni yangu. Akasema, "Iache kidogo. Nataka nihakikishe kama kweli ni Mama Hamisi." Alihakikisha mpaka adhana ya alasiri.

Siku ya arobaini ilifika. Kisomo kikasomwa, pilau ikaliwa, kahawa ikazunguka. Baba Mdogo akaikunja kanzu magotini. Nikajua. Nilikuwa nimejiandaa, Baba, maneno yangu nimeyapanga kama vipuri mezani. Akanyoosha kiganja: "Zuhura, ile amana." Wanaume wote barazani wakanigeukia, na vipuri vyangu vyote vikatawanyika. Nilichoweza kusema ni, "Sitoi." Basi. Kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.

"Hutoi?"

"Sitoi, Baba Mdogo. Nisamehe. Sitoi."

Ndipo pazia la chumbani likatikisika, na sauti ya Mama ikatoka nyuma yake, kavu, ile aliyokuwa akiwatolea wauza mkaa.

"Shemeji. Kwenye hiyo kadi nimo na mimi."

Baba Mdogo akalitazama pazia. "Umo, shemeji? Unafanya nini humo?"

"Ninaimba."

Mtu mmoja barazani alipaliwa na kahawa. Shangazi kule uani akasema "Heh!" na hakuendelea.

"Kaka yako alikuwa anapiga," Mama akasema, "na mimi ninaimba, nakoroga mchuzi. Na mimi sijafa. Huwezi kuichoma sauti ya mtu aliye hai. Siku nikifa, njoo na kiberiti chako, umwulize Zuhura kama atakupa."

Baba Mdogo alikaa nacho kile kiganja wazi, kama hajui pa kukirudisha. Kisha akakizungushia kikombe cha kahawa. "Alikuwa anaimba?" akaniuliza, polepole, kama mdogo anayeuliza habari za kaka yake. "Kaka alikuwa anajua?"

Swali hilo nakuuliza wewe. Ulikuwa unajua? Ndiyo maana ulikuwa ukicheka kwa pua?

Sasa nalala na kadi mahali pake, na hedifoni nimezitia kwenye kopo lenye mchele mkavu, maana chumvi ya hewa ya hapa unaijua kuliko mimi. Mama bado anakiita kibuyu. Ila siku hizi anauliza, "Kile kibuyu kina chaji?"

Lala, Baba. Mungu akupanulie kaburi. Ninakuahidi jambo moja, na hili sitahitaji mtu wa kunisaidia nyuma ya pazia: nikikusikiliza, hata nikiitwa, hata mteja akigonga, sitakukatisha katikati. Nitakuacha unyamaze mwenyewe.

Mwanao,
Zuhura