Baba Irène na Konseri ya Carama

Mwaka umezunguka, Baba Irène, tangu ulale usingizi ule wa mchana usiamke, na mimi mkeo Candide nimepewa kazi ya kusema kwa niaba ya familia. Unanijua, nikishika neno siliachii upesi. Basi vumilia, na wanaosoma nao wavumilie.

Kwa wasiokujua: wewe ni Hyacinthe Bahizire, mzaliwa wa Bukavu, uliyekuja Bujumbura kufundisha muziki kwa mwaka mmoja tu, ukanikuta Nyakabiga, ukasahau njia ya kurudi. Mchana ulifundisha shuleni. Ukitoka shuleni uliikusanya Orkestra ya Imbo, kwa jina la bonde letu hili, sebuleni kwangu: violoni, selo, kontrabasi, filimbi, tarumbeta, watu wazima na akili zao wakikwaruza na kupuliza huku mimi nachambua maharage.

Watu walisema una wazimu. Nchi iko vitani, mitaa imegawanyika, huyu hakanyagi kule na yule hakanyagi huku, na wewe unazunguka mji unatafuta mtu wa kupiga selo! Ukawajibu kwamba mpiga selo ni shida kumpata hata wakati wa amani, kwa hiyo afadhali kuanza kumtafuta mapema.

Na sufuria yangu ya mboga za lengalenga, nani ataisahau? Madukani hapakuwa na dawa ya kupaka zile nyuzi za upinde wa violoni, basi ukaleta utomvu wa msonobari kutoka milimani, ukauchemsha jikoni kwangu bila kuomba ruhusa. Lengalenga zilinuka msonobari mpaka Noeli. Watoto walikula wamekunja uso. Wewe ulikula unasifu mapishi, mnafiki mkubwa, nami nikacheka mpaka hasira zikaniisha.

Ulikuwa mtu wa watu. Kwenda kununua mkate pale kona ilikuwa safari, maana hukupita mlango bila kuuliza hali ya mgonjwa wa mle ndani, na jina la mgonjwa ulilijua. Baada ya kila konseri uliweka saa ya kugusa: mtu yeyote aje, ashike chombo chochote, ajaribu. Jirani yetu Pascaline, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alipuliza trombone mpaka mbwa wakakimbia. Jumatatu yake alikuwa mlangoni anauliza mazoezi ni saa ngapi. Sasa trombone ni ya kwake, na akiwa hayupo hatupigi.

Kila kiangazi, mvua ikikatika, ulikuwa na msimu wako: konseri tatu katika mitaa mitatu. Nyakabiga kwetu, Buterere kwenye mashamba ya mpunga, halafu Carama. Zote mchana, ili kila mtu awe kwake kabla ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje usiku. Hukuficha unachokitaka. Ulitaka msimu mmoja tu uwe mzima, orkestra yote ipige mitaa yote mitatu. Na kila mwaka Carama ilishindikana. Mara barabara imefungwa, mara wachezaji wa Nyakabiga wanaogopa kwenda. Mwaka mmoja barabara ilikuwa wazi na wachezaji wako tayari, wenyewe wa Carama ndio wakakataa.

"Watu wa Nyakabiga wakuje kutupigia," walisema, "sisi tuwaangalie tu kama televizyo? Apana."

Siku hiyo ulirudi nyumbani hukula. Nilijua umeumia kweli, kwa sababu kilikuwa chakula cha samaki mukeke, na mukeke hukuwahi kuukataa, hata ukiwa na homa.

Kisha ikaja Buterere, mwaka jana. Acha niieleze vizuri, maana kila mtu anaisimulia kivyake. Tulikuwa uwanjani pale karibu na mpunga, watu wamejaa, wengine wamekuja na viti vyao kichwani. Ulisimama ukawaeleza kwamba simfoni ina sehemu nne, na kati ya sehemu na sehemu kuna kimya kidogo, wasipige makofi mpaka mwisho. Ulikataza makofi. Kuhusu hotuba hukusema kitu.

Sehemu ya kwanza ikaisha. Kimya. Ukatoa kitambaa kufuta jasho. Na kwetu Burundi, Baba Irène, uliyekaa miaka yote hiyo ungepaswa kujua: kwenye posa, upande wa mume ukimaliza kusema unanyamaza, na upande wa mke lazima ujibu. Mtu akunyamazie baada ya kukusemesha, nawe usijibu, umemtukana. Watu wa Buterere wakaanza kutazamana. Wageni wamesema, wamenyamaza, wanatungoja! Basi Mzee Salvator, yule mkulima wa mpunga anayevaa koti la sufu kwenye jua lile, akasimama, akavua kofia, akakohoa.

"Wageni wetu, tumewasikia. Muziki yenu ni muzuri, hata kama imekuwa murefu kidogo. Na sisi Buterere tuko na neno."

Loo! Akalisema hilo neno. Akaanza na babu yake, akapita kwenye mafuriko, akafika kwenye bei ya mbolea. Binti yako Irène, violoni shavuni, akakunong'oneza, "Papa, bado sehemu tatu!" Claude wa tarumbeta alikuwa amejiziba mdomo. Mimi nilitamani ardhi inimeze, nikafikiri sasa utamwambia mzee wa watu akae.

Wewe ukashusha fimbo yako ya kuongozea. Ukamsikiliza mpaka mwisho, umeinamisha kichwa kidogo kama bwana harusi. Alipokaa ukamshukuru, ukasema, "Mzee, mumetujibu vizuri. Turuhusuni tuendelee." Ukainua fimbo. Sehemu ya pili ilipoisha akasimama mama mmoja, ya tatu wakasimama wawili wakagombania zamu. Konseri ya saa moja ilikula mchana mzima, tukarudi nyumbani tunakimbia, na magunia mawili ya mchele mgongoni, zawadi, kwa sababu mkwe hatoki mikono mitupu.

Njiani Claude alikuambia, "Papa Bahizire, kule Ulaya wakisikia hii watatucheka."

"Waache wacheke," ukasema. "Wao wako na simfoni yao. Hii ni ya Imbo, na ya Imbo inajibiwa."

Tangu hapo ikawa sheria ya orkestra kwamba kila kimya ni zamu ya wenyeji. Na habari haina miguu lakini inafika. Haikupita muda mrefu, tukiwa tunakunywa chai, mwanamke mmoja akabisha mlangoni, kitambaa cheusi kichwani, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa ametembea kutoka Carama. Tangu mitaa igawanyike hakuwa amekanyaga Nyakabiga, lakini hakungoja kuulizwa.

"Mi ni Dévote. Wamenituma kuuliza kama ni kweli kuko zamu ya kujibu."

"Ni kweli kabisa, mama," ukasema.

"Basi mukuje. Lakini mutu asituite masikini mu hotuba yake."

Ukacheka, ukamvutia kiti chako mwenyewe. Mkapanga Jumamosi. Alipoondoka ulinishika mikono ukanizungusha sebuleni, mtu na mvi zake, ukagonga kontrabasi, ukaniambia, "Mama Irène, safari hii tunafika." Hiyo ndiyo furaha yako ninayoiona nikifumba macho.

Na Jumamosi hiyo hukuiona. Siku chache kabla yake ulikula, ukalala mchana, nikaja kukuamsha kwa mazoezi. Sitaandika zaidi. Inauma, tuiache hapo.

Nyumba yenye msiba haipigi muziki. Tuliviweka vyombo chumbani, tukafunga mlango, tukangoja siku ya kuganduka, siku ambayo familia inaita watu, inakaa nao, inasema wazi kwamba matanga yameisha, kila mtu arudi kwenye maisha yake. Mwaka mzima bila mkwaruzo wa selo. Nilikuwa nalalamikia kelele zenu, unakumbuka? Mungu alinisikia, na sikumshukuru.

Ilipokaribia siku, kaka yako Murhula akavuka mpaka kuja kupanga mambo. Akasema tutagandukia Nyakabiga. Nikasema apana, tutagandukia Carama, na konseri itapigwa huko.

"Shemeji, matanga yanaishia nyumbani kwa marehemu. Ni wapi uliona kitu kama hicho?"

"Sijaona," nikamwambia. "Lakini nyumbani kwa marehemu ni wapi? Kwangu alikuwa analala tu. Mdomo wake ulikuwa unaishi Carama."

Murhula akacheka, akapangusa macho, akakubali. Wachezaji ndio walikuwa kazi. Barabara ya kaskazini haikuwa ya kuaminika, kila mtu alikuwa na alilolisikia juu yake. Claude aliniambia bila kunizunguka, "Mama, mi niko na watoto." Sikumlaumu. Niliwaambia wote kwamba simlazimishi mtu, kwamba mimi na Irène na mwanao Destin tutakwenda na tutakachoweza kubeba, na kama ni violoni moja basi Carama watasikia violoni moja.

Jumamosi iliyopita tukatoka asubuhi. Destin anasukuma mkokoteni, kontrabasi imelala juu yake imefunikwa shuka, Irène na violoni yake, mimi na fimbo yako. Pascaline tulimkuta barabarani anatungoja na trombone, anatuuliza tumechelewa wapi. Kisha wa filimbi, kisha wa selo, mmoja mmoja, wakitokea vichochoroni kama watu wanaokwenda misa ya kwanza. Kwenye njia panda Mzee Salvator alikuwa amesimama na nusu ya Buterere nyuma yake, na lile koti. "Mukwe hatembei peke yake," akasema. Claude hakuwepo. Tulikuwa tumefika Carama, tunapanga viti, ndipo tukaiona baiskeli: yeye anaendesha, mke wake nyuma ameshika tarumbeta. Hakuna aliyemuuliza kitu. Walimsogezea kiti tu.

Orkestra yote, Baba Irène. Hakukosekana mtu, ila wewe.

Irène aliongoza. Sisemi kwa sababu ni mtoto wangu, aliongoza vizuri kukupita, na ungekuwepo ungekubali kwa shingo upande. Sehemu ya kwanza ikaisha, Murhula akasimama kama msemaji wa familia, akaeleza kwamba leo tunaondoa matanga yako. Carama wakajibu, wakatukaribisha, mgeni njoo mwenyeji apone. Ya pili wakajibu. Watu wakacheka, mtoto akalia, kila kitu kikaenda sawa. Ilipoisha sehemu ya tatu akasimama Dévote, na kitambaa chake kilekile cheusi.

"Tumewasikia," akasema. "Mumekuja kuondolea matanga hapa kwetu, ni heshima. Lakini na sisi tuko na wetu. Mi niko na Patrick na Gélase, watoto wangu. Tangu wamekufa sijapata siku ya kukaa, ya kuita watu, ya kusema yameisha. Tulikuwa tunakimbia tu. Hapa hakuna nyumba yenye iliganduka. Basi naomba wageni, matanga yetu nayo yaishie hapa leo. Musianze ile ya mwisho kama hatujataja majina."

Irène alishusha fimbo. Na watu wakaanza kusimama. Mmoja anataja jina, anakaa. Mwingine majina matatu. Mzee mmoja alitaja la mkewe, akasahau kukaa. Kisha Mzee Salvator akataja wa Buterere, na Claude, wa Nyakabiga, aliyekuwa anaogopa hata kuja, akasimama na tarumbeta mkononi akataja jina la mdogo wake, mbele ya watu wale. Hakuna aliyeuliza nani aliuawa na nani. Nililia, sikujificha. Tulilia wote.

La mwisho kabisa nililitaja mimi: Hyacinthe.

Dévote akafungua kile kitambaa, akakikunja, akamtazama Irène. "Sasa pigeni," akasema.

Wakapiga! Unaijua ile sehemu ya nne inavyokwenda mbio. Kwanza mguu mmoja, kisha mabega, kisha hakuna aliyebaki kwenye kiti isipokuwa wachezaji, na Pascaline hata yeye alipuliza amesimama. Mzee Salvator alivua koti, naapa. Dévote alinishika mkono akanivuta katikati, tukacheza, mjane na mama wa marehemu wawili, mpaka vumbi likatufika magotini. Walipomaliza wakaambiwa warudie, wakarudia, na jua lilipoanza kushuka watu wa Carama ndio waliotusindikiza mpaka njia panda, wamebeba kontrabasi yako mabegani.

Msimu wako ni mzima, Baba Irène. Pumzika sasa.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Candide, watoto wako Irène na Destin, kaka yako Murhula na ukoo wote wa Bukavu, Orkestra ya Imbo yote, na wakwe zako wa Buterere na Carama. Kukusahau hatuwezi, wala hatutajaribu. Na pamoja nawe tunawakumbuka Patrick na Gélase wa Dévote, na mdogo wake Claude, na kila aliyetajwa pale siku moja nawe, leo na daima.