Majani Yasiyochumwa

Alhamisi, 7 Novemba 2019
Naomba radhi kwa kimya kirefu. Tangu mke wangu Indumati aanze kuugua kifua, sijashika kalamu. Daktari ametoa vidonge, akaonya asikose dozi. Naye humeza kwa sharti moja: avishushie kwa maji ya tulsi, ule mrehani wa uani mwetu, yaliyochemshwa na tangawizi. Majani ya dukani hayataki. Mama yake alimtibu hivyo.

Leo nilishinda nikipaka chokaa kizimba cha matofali kinachobeba tulsi, kwa kuwa keshokutwa tunauoza mmea huo kwa mungu, kama bibi harusi. Taa ilipowashwa ndipo nikakumbuka — sijachuma! Jua likizama haichumwi. Kesho ni siku ya kumi na moja ya mwezi mwandamo, kisha ya kumi na mbili, kisha Jumapili. Kwa dini yetu, zote ni mwiko kuichuma.

Ijumaa, 8 Novemba
Hakumeza. Nilimbembeleza kwa maziwa, akageukia ukutani. Hospitali pia hataki.

Shrirang, mwanetu, alipiga simu kutoka Pune. Akasema nichume, nimwambie nilichuma jana, nani atajua? Nikamjibu kwamba nitajua mimi.

“Haya, Baba. Mzike na ukweli wako.”

Baadaye akaomba msamaha.

Jumamosi, 9 Novemba
Harusi. Tulimtoa Indumati kwa kiti hadi mlangoni. Akarusha mchele, haukufika. Bwana harusi, kama kila mwaka, ni jiwe jeusi linalosimama badala ya mungu. Jirani yetu Yamutai akasema afadhali huyo, hakoromi kama mumewe. Indumati alicheka, kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikakataa kwisha.

Yamutai akanikumbusha kuwa jani lililoanguka lenyewe halina mwiko. Nilipiga magoti nikatafuta. Mawili tu, makavu, yametobolewa na wadudu. Hayakutia hata rangi kwenye maji. Alionja, akarudisha kikombe.

Jumapili, 10 Novemba
Pumzi yake inasikika hadi uani. Daktari amekuja, akaonya: dozi isipite leo; ikipita, kesho nisimlaumu mtu.

Yamutai akaninong’oneza juu ya ukuta: “Mwalimu, si uutikise mmea kidogo? Yakianguka, yameanguka.”

Nikamwambia kutikisa ni kuchuma. Akasema basi nikae na usafi wangu. Dirisha lilikuwa wazi. Indumati akaniita.

“Baba Shrirang, utakacholeta nitakunywa. Nitakuuliza neno moja tu: yameanguka yenyewe? Utakalonijibu nitaliamini. Hujawahi kunidanganya.”

Akafumba macho. Sikujua ananifunga au ananifungulia. Miaka yote hii, na uso wake sikuweza kuusoma!

Maji yanachemka. Nimekaa kando ya kizimba, daftari gotini, mkono mmoja juu ya shina. Jua limeshuka hadi ukingo wa paa. Nikishaamua nitaandika hapa nilichofanya, kwa jina lake halisi. Upepo hakuna. Hakuna jani linalotikisika.