Foronya Sita za Maktaba

Juni 14

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje siku hizi? Mimi mzima, sina hata mafua. Nakuandikia kwa sababu simu hupokei ukiwa kwenye cherehani, na kwenye cherehani uko tangu asubuhi.

Wiki mbili za mafunzo kwa vitendo zimekwisha. Mwambie Baba Mdogo sishindi nikipangusa vumbi kwenye vitabu. Niko ofisi ya sanaa ya maktaba, chumba chenye meza mbili na dirisha lisilofungika, na kazi yetu ni kuhakikisha picha zinapanda, wasanii wanapata barua zao na wageni wanajua waje lini. Mkubwa wangu ni mkutubi mkuu. Tunamwita Bi Kimya, maana akiinua kidole tu ukumbi mzima unanyamaza, hata mwenye kikohozi anakimeza.

Sasa kaa vizuri. Amenipa maonyesho mazima! Picha kumi na mbili za mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa mchora mabango ya maduka, zitakaa ukumbini kuanzia tarehe 12 Julai. Tatizo ni mbao sita za kuzitundikia. Zimejaa matundu ya misumari, aibu tupu. Nikamwambia Bi Kimya, "Fundi ninaye." Tafadhali nishonee foronya sita nyeusi za kuzivalisha hizo mbao, zikaze vizuri. Vipimo viko nyuma ya karatasi hii. Nimepima mwenyewe, mara mbili.

Mwanao mwenye cheo

---

Juni 20

Kidomo wangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika lakini yananibeba. Unakula? Usinidanganye kwamba chai ni chakula.

Foronya za mbao, jamani! Miaka ishirini na sita nimevalisha maharusi, askari, na bwana mmoja mwenye kibiongo aliyetaka koti lisiseme, lakini ubao haujawahi kuja kwangu kupimwa. Haya, nitashona. Umesema zikaze, zitakaza.

Ila tusisahau tulivyokubaliana. Nilikupa likizo hii moja. Ukirudi na barua ya mkubwa wako inayosema kazi hii unaiweza, nafunga mdomo, usomee uendeshaji wa sanaa mpaka uchoke. Usipokuja nayo, Septemba unaingia stoo kwa baba yako mdogo, nafasi anakushikilia. Sikuoni mjinga, mwanangu. Nimekulea peke yangu na naogopa, basi.

Halafu tepu yangu ya njano hujaiona? Nimepindua karakana nzima. Mwisho nimenunua mpya.

Mama yako, mshona mbao

---

Julai 5

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sijambo, lakini sina raha.

Foronya haziingii. Hata moja! Zote zimepungua upana, kama vidole viwili hivi. Nilivuta mpaka mshono ukaanza kuachia, na Bi Kimya kasimama nyuma yangu anatazama. Akauliza, "Kosa la nani?" Nikasema la fundi. Akafungua daftari la mafundi wa maktaba, akaandika kwamba fundi huyu asipewe kazi tena. Hajui kama ni wewe.

Samahani, Mama, lakini vipimo nilikuandikia wazi. Ulishona huku unapiga soga? Imebaki wiki moja. Mbao zisipovaa, maonyesho yanasogezwa mpaka baada ya likizo, na mimi nitapewa karatasi ya kusema nilihudhuria tu. Hiyo si barua tuliyokubaliana. Nimechanganyikiwa.

Mwanao

---

Julai 8

Binti,

Marahaba. Mimi mzima.

Barua yako niliisoma mkasi ukiwa mkononi, nikauweka chini. Umenisema kwa watu, kwa kazi niliyokulisha nayo. Niliumia, nakwambia kweli.

Baadaye nikakaa nikafikiri. Vidole viwili, foronya zote sita, sawasawa. Fundi mbovu hakosei kwa usawa namna hiyo, leo angepunguza na kesho angezidisha. Ulipima na nini, mwanangu? Kama ni tepu yangu ya njano, kosa tumelipata. Tepu ile imevutika. Imezungushwa vifua na viuno vya watu kabla hujazaliwa, na sasa ikifika mwisho inakupunguzia vidole viwili kamili. Mimi naijua tabia yake, huwa naongeza kichwani bila hata kuwaza. Ningekushonea kwa tepu ileile, foronya zingeingia. Ila nimetumia mpya, kwa sababu ile hukuniomba, uliichukua.

Fumua ubavu mmoja wa kila foronya, utie kipande. Kitambaa kilichobaki kimo humu pamoja na nyuzi. Kushona kwa mkono nilikufundisha, na ulilia, lakini ulijua. Kuhusu lile daftari sina la kukuambia. Akili unazo.

Mama yako

---

Julai 27

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Nimekaa kimya wiki tatu karibu, kwa aibu. Tepu ni kweli niliichukua droo ya pili siku ya kuondoka. Nilidhani tepu ni tepu.

Kifurushi chako kilipofika sikugusa sindano kwanza. Nilikwenda kwa Bi Kimya, nikamwambia, "Nililosema la fundi si kweli. Nilipima vibaya mimi. Na fundi mwenyewe ni mama yangu." Akainua kile kidole. Mama, kwa mara ya kwanza tangu nifike sikunyamaza! Nikasema, "Naomba ulifute hilo neno daftarini, halafu uniadhibu unavyotaka." Akachukua rula, akakata mstari mmoja ulionyooka, akatia tarehe na sahihi. Nikarudi kwenye meza yangu, nikafumua na kushona siku mbili, vidole vyote matundu.

Tarehe 12 tulifungua. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Mzee mchoraji alikuja na koti la harusi yake, akatembea kutoka picha hadi picha akizisalimia. Alisema maisha yake yote kazi zake zilinyeshewa na mvua, leo ndiyo kwanza zimekaa ndani. Akashika kitambaa, akauliza nani kashona. Nikamjibu kwa kifua mbele.

Barua ya Bi Kimya imo humu. Nimeisoma, na si ya kuringia. Nimeituma ilivyo kwa kuwa tulikubaliana. Kazi hii naiweza, Mama, na naitaka. Lakini neno ni lako. Ukisema stoo, nakwenda stoo.

Mwanao

---

Agosti 3

Kidomo wangu,

Marahaba, tena marahaba. Sijambo, ila macho yamevimba kidogo. Usiulize.

Nilipoifungua barua ya mkubwa wako, mstari wa kwanza tu: "Msichana huyu alikosea vipimo, kisha akamsingizia fundi." Nikasema, haya, makubwa! Nikaketi. Nikaendelea kusoma, na chini kabisa ameandika: "Alikuja mwenyewe kusema kweli, wakati hakuna aliyejua, na barua hii ilikuwa bado haijaandikwa. Akimaliza masomo, aje hapa kwanza."

Nimeshamwambia baba yako mdogo nafasi ile ampe mtu mwingine. Akaanza, "Shemeji, fikiri tena." Nikamwambia nimefikiri miezi miwili, inatosha. Nenda kasome, mwanangu. Nimefunga mdomo.

Barua nimeitundika karakana, kando ya kioo, wateja waione wakijaribu nguo. Wote wanaishia mstari wa kwanza, wananigeukia: "Mbona inasema mwanao alikosea?"

Nawajibu, soma mpaka chini.

Mama yako