Nafasi Yako Mbele ya Maduka ya Shomari

Shikamoo Baba,

Shomari alikuja nyumbani kuomba radhi. Nimemnyima.

Nimetaka ulijue hilo kabla ya habari nyingine yoyote, maana najua hata wewe, pamoja na upole wako wote, ungeweka bisibisi chini ukasema, "Hebu rudia, Mguu wangu." Narudia. Shomari, mwenye yale maduka mapya ya hapa Masoko, alivua viatu kwenye kibaraza chetu, akakaa kwenye kigoda chako cha kazi, magoti yakamfika kidevuni, akaniomba radhi. Na mimi binti yako, niliyejifunza kutengeneza cherehani kwa kukushikia taa, nikamwambia hapana.

Nitaanza mwanzo. Si kwamba umesahau. Ni kwamba napenda kuyarudia, kwa sababu kila nikiyarudia namchukia upya, na chuki hiyo imenisaidia kuamka asubuhi tangu uondoke.

Unakumbuka alipomaliza kujenga. Akasakafia eneo lote la mbele, akasimika ubao, MAEGESHO BINAFSI, na bei chini yake. Halafu pale karibu na mlango wa duka la vipuri akachora kwa rangi nyeupe mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Wajinga sisi tukafurahi. Ukasema, "Angalau kuna mtu mmoja Kilwa amenifikiria." Tulikuwa na bajaji yako ile ya kuendesha kwa mikono tu, breki na kila kitu juu, na beji ya ulemavu uliyopewa na watu wa ustawi wa jamii, yenye picha yako umenuna. Ukaegesha juu ya yule mtu mweupe, beji ikining'inia kwenye kioo, ukashuka na magongo yako kwenda kununua mikanda na sindano. Tulipotoka tukakuta mnyororo kwenye gurudumu.

Shomari mwenyewe alikuwa amesimama pale na mlinzi wake. Alitaka ushuru, na juu ya ushuru faini. Ukamwonyesha beji. Akacheka. Akasema, "Mlemavu gani anaendesha bajaji? Mlemavu anasukumwa!" Alisema kwa sauti, Baba, mama ntilie wakasikia, wapiga debe wa magari ya Nangurukuru wakasikia, na wengine wakacheka naye. Akasema beji hizo siku hizi zinauzwa kama vocha. Akaichomoa kwenye kioo, akaitia mfukoni, ati ikae rehani mpaka ulipe.

Ulikuwa na hela siku ile. Mimi niliziona. Niliponyoosha mkono nikuombe ulipe twende zetu, ukaniambia, "Nikilipa nitakuwa nimekubali kwamba nadanganya." Kisha ukakaa chini kwenye sakafu yake, juu ya ule mchoro wake, ukakunja suruali ukaianika ile miguu yako miembamba ambayo hata mimi mwanao nilikuwa siioni mara nyingi. Ukasubiri. Jua likachoma, watu wakajaa, wateja wakaanza kuulizana, na wale waliocheka wakaacha kucheka. Mwisho mlinzi akafungua kufuli mwenyewe, macho chini. Hukulipa hata senti. Siku ile nilikupenda mpaka nikashindwa kukuangalia. Ila beji alibaki nayo.

Baada ya hapo tukawa tunaegesha ng'ambo ya barabara, ukingoni mwa mtaro. Nikikuambia nivuke mimi, wewe ukae, unanijibu, "Macho yako hayajaujua mkanda mbovu." Ukavuka mwenyewe, bodaboda zikikupigia honi, na kwenye nafasi yako limekaa gari la Shomari, limekaa kwenye kivuli, limetulia. Nililichukia hata lile gari.

Ningependa sana kusema kwamba yeye ndiye aliyekuua. Daktari alisema presha. Basi siwezi kumbandika dhambi asiyokuwa nayo, aliyonayo inamtosha.

Sasa nikueleze jambo ambalo hukulisikia, au sijui kama ulilisikia, maana ulikuwepo. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimekaa kwenye mkeka chini ya dirisha. Jeneza lako limewekwa uani. Baba mdogo Hamisi akasimama kusema yale yanayosemwa kila msibani, kwamba kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia, na kama yupo aliyekosewa amsamehe. Unajua inavyokuwa. Watu wanaitikia "tumemsamehe" kwa pamoja, na mwenye lake halisi anakuja baadaye kunong'ona na wafiwa pembeni. Hata yule mama wa Somanga uliyekuwa na cherehani yake hujaimaliza aliitikia kusamehe, nilimsikia.

Na katikati ya hiyo "tumemsamehe" ikatoka sauti moja. "Mimi namdai."

Nikaijua. Akaendelea, wala hakushusha sauti: uliegesha kwake, ukagoma kulipa, kuna ushuru na kuna faini, na beji uliyotumia ilikuwa ya mashaka. Mbele ya jeneza, Baba. Mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete yake ikaniumiza, nikajua kwamba nilikuwa nimeshasimama. Mwanamke angetoka vipi kwenye uwanja wa wanaume na maiti iko katikati? Nikakaa. Ndipo nikamsikia Baba mdogo akisema maneno yaliyonimaliza: "Deni tumelipokea. Ni langu."

Jioni akamlipa, kwa pesa za rambirambi.

Simlaumu Baba mdogo. Hapana, namlaumu kidogo. Dini inasema usimzike mtu na deni, na yeye alikuwa na ndugu yake mgongoni na watu wote wanamtazama, angefanya nini? Lakini tulichofanya ni kukulipia kitu ulichokikataa ukiwa umekaa juani kwenye sakafu. Ukiwa hai ulisema hudanganyi. Ulipolala, tukakubali kwa niaba yako kwamba ulidanganya. Umetoka nyumbani kwako ukiwa mdaiwa wa Shomari, na mdomo uliotoa kauli hiyo ni wa damu yako.

Hilo ndilo lililonikaa kooni. Si hela.

Mambo mengine yanaendelea. Mama amemaliza eda, amehamishia kitanda upande wa dirisha, anasema upande ule mwingine bado una harufu ya grisi yako na hataki kuiharibu. Bajaji naendesha mimi. Wanawake wa Tingi wameanza kuniita Fundi bila kunitania, ingawa kuna mmoja kila nikimaliza lazima ashone kwanza kipande cha khanga mbele yangu aone. Koleo lako dogo lilipotea, nikalia siku nzima, nikalikuta ndani ya ndoo ya pumba za kuku. Sijui liliendaje huko. Hapo ungecheka.

Halafu tukasikia Shomari anakwenda kuhiji.

Baba, nilifurahi! Nilifurahi kuliko ndugu zake. Kwa sababu hakuna mtu wa mji huu anayekwenda Makka bila kwanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na nyumba yetu asingeweza kuiruka, watu wangemuuliza. Nilifagia ua kila asubuhi kama bibi harusi. Viti vyote vya plastiki nikaviingiza ndani, nikaacha kigoda. Na bajaji nikaiegesha kwenye kichochoro chetu, katikati kabisa, gari lisipite.

Siku aliyokuja, honi ikalia kichochoroni. Ikalia tena. Nikaendelea kuchambua mboga. Ikabidi aliache gari kule kwenye mtaro, atembee kwenye mchanga wa moto na kanzu yake mpya na viatu vyake vya ngozi, mkewe nyuma na Maalimu wa madrasa pembeni kama shahidi. Alipofika anahema. Nikamkaribisha kwa adabu zote, nikamwamkia shikamoo, nikampa maji. Usidhani nimesahau ulivyonilea.

Akasema kama wanavyosema wote: "Binti yangu, naiendea nyumba ya Mungu. Kama nilikukosea, niwie radhi."

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu langu, nimelisema kwenye bajaji njia nzima ya Tingi. Nikamjibu, "Mimi hujanikosea, Mzee. Uliyemkosea hayupo."

Ungemwona uso wake. Maalimu akaingilia kwamba warithi wanaweza kusamehe kwa niaba ya marehemu. Nikamwambia pesa tunaweza, na pesa alishalipwa. Lakini aliyeitwa mwongo si mimi, wala si Mama, na hakuitwa chumbani. Aliitwa sokoni, akaitwa tena akiwa ndani ya sanda. Mama akasema kutoka mlangoni, "Mwanangu, mwache mtu aende zake na moyo mweupe." Nikamwambia, "Mama, wewe samehe cha kwako, hiki si changu." Shomari akaniuliza afanye nini. Nikamwambia beji irudi, na aliyoyasema mbele ya watu ayafute mbele ya watu. Akaondoka bila kumaliza maji.

Kesho yake akamtuma mlinzi na beji ndani ya bahasha. Nikamrudisha nayo. Nikamwambia aliyeichomoa ana mikono. Mlinzi akacheka, Baba, akacheka kwa furaha kabisa, akasema, "Dada, huu ujumbe nitaufikisha neno kwa neno."

Ijumaa nilikuwa kibarazani nimefungua cherehani ya jirani. Sala ikaisha, na kipaza sauti cha msikiti hakikuzimwa. Nikaisikia sauti ileile ya siku ya mazishi, ila safari hii ndogo, inakwama kwama. Akajitaja jina lake na la baba yake. Akakutaja wewe. Akasema, "Sikuwa namdai. Nafasi ile ilikuwa haki yake na beji ilikuwa yake. Nilisimama mbele ya jeneza nikasema uongo." Ikasikika mpaka sokoni. Wauza samaki waliacha kunadi, watu wameniambia. Mimi nilikuwa na skrubu mdomoni, nikazitema zote kwenye mkeka, nikalia na kucheka pamoja, na jirani akadhani nimeumwa na nge.

Alasiri akaja kwa miguu yake. Bajaji ilikuwa palepale kichochoroni. Pesa alikwisha kumrudishia Baba mdogo. Beji akanipa kwa mikono miwili, imepasuka pembeni, lakini wewe bado umenuna kwenye picha. Akasema, "Sasa, binti yangu, umeniridhia?"

Kila mtu alitaka niseme ndiyo. Mama alitaka, mkewe alitaka, hata kuku nadhani walitaka. Na mimi nikatafuta moyoni kama ipo, nikakuta haipo. Nilikumbuka ulivyokaa juani umeanika miguu. Nikamwambia, "Nimekusikia, Mzee. Ahsante kwa beji. Jibu analo mwenyewe. Siku nikifika kwake nitamuuliza."

Amekwenda nalo Makka hivyo hivyo. Mama hakusema nami mpaka magharibi, anasema moyo wangu umekuwa jiwe. Lakini nilimkuta jikoni anacheka peke yake, khanga ameiziba mdomoni, anasema polepole, "Kwa mikono miwili!"

Nafasi yako ipo. Shomari ameichora upya. Mimi miguu yangu mizima, kwa hiyo naegesha ng'ambo kwenye mtaro, navuka. Kabla sijaingia dukani napita kwanza kuitazama. Nikikuta mtu mwenye miguu mizima ameegesha pale, nasimama nyuma ya gari lake, sisogei, mpaka atoke kuniuliza nina shida gani. Namweleza shida yangu. Mlinzi siku hizi akiniona tu anakwenda kuwatoa mwenyewe.

Basi Baba, nakuaga, cherehani za watu zinanisubiri. Ahadi yangu ni hii: nitailinda nafasi ile maadamu naishi, na siku nikija huko, nikishakwambia shikamoo nawe ukaitikia, jambo la kwanza nitakuuliza kama umemsamehe Shomari. Ukisema ndiyo, nitanyamaza, sitabisha.

Ila usiharakishe kujibu. Mimi bado kijana, na yeye acha asubiri.

Mimi, Mguu wako.