Gari la Mama Jeptum Linachuchumaa Asubuhi

Jumatatu, 12 Mei

Nimeanza na pikapu ya mkaa, taa hazitaki. Waya umeliwa. Panya wa mtaa huu wa Huruma ndio wananilisha mimi fundi wa umeme wa magari, siwezi kuwalaani.

Kisha Mama Jeptum akaingia kutoka Ainabkoi, gari limeinama nyuma kushoto kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Gari kubwa, halina springi. Linakaa juu ya mifuko ya hewa, na kompyuta inapima kila kona, inajaza au inapunguza. Bintiye Jeptum, mkimbiaji, ndiye aliyemnunulia, kwa sababu ya mgongo. Kwa gari gumu Mama hafiki mjini bila kulia.

Jeptum anatua Jumamosi kutoka ng'ambo. Mama anataka kumpokea kwa gari hilohilo. "Asilipate likiwa kilema," akasema. Nikamwambia atalikuta limesimama. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 13 Mei

Mashine ya kusoma makosa inalaumu sensa ya nyuma kushoto, kifaa kinachoiambia kompyuta urefu wa kona. Nimeihamishia kulia, ya kulia nikaileta kushoto. Kosa limebaki palepale kushoto. Basi sensa haina hatia.

Adhuhuri, jua limewaka, gari likainuka lenyewe. Sawa kabisa mpaka jioni. Nimeimba wimbo wa kanisa mbele ya watu. Wafula, jirani yangu fundi wa springi, akaniangalia tu. "Dada, ngoja asubuhi."

Jumatano, 14 Mei

Asubuhi imefika. Mvua ilinyesha, ukungu mpaka mlangoni, na gari limechuchumaa.

Wafula amemshauri Mama mifuko yote ya hewa itolewe, ziwekwe springi za kawaida. Haziharibiki, hazina kompyuta. Ni kweli. Na mgongo je? Nimemkasirikia siku nzima. Nimemkasirikia zaidi kwa sababu huenda yeye ndiye mwenye haki.

Mama amesema nisipopata kitu kesho kabla ya chakula cha mchana, Wafula aingie. Alisema kwa upole. Afadhali angenifokea.

Alhamisi, 15 Mei

Nimefika kabla ya jua, gari likiwa bado na ugonjwa wake. Nimeweka mita kwenye sensa: volti zimetulia. Nimeweka kwenye kompyuta, chini ya sakafu ya buti, kule nyuma kwa mizigo: volti zinaruka. Yaani sensa inasema ukweli, kompyuta inasikia uongo. Inaambiwa kona iko juu, basi inatoa hewa. Uongo unaingia njiani.

Nikainua zulia. Harufu! Si mpira, si oili. Wazazi wangu walitoka Nyeri lakini mimi nimezaliwa hapa, na harufu hiyo naijua. Maziwa lala na masizi. Mursik, maziwa ya kibuyu ya huku.

Soketi ya waya ilikuwa imelowa, pini zimeota kutu ya kijani. Usiku inanyonya unyevu, mchana inakauka. Nikaitingisha, hewa ikatoka, fsss, gari likashuka mbele ya macho yangu. Woi! Nimepiga kelele mpaka Wafula akaja mbio akidhani limeniangukia.

Mama alipofika nikamwonyesha. Akaangalia barabara. Kisha akasema yote. Siku Jeptum anasafiri, alimbebea kibuyu cha mursik cha kumuaga. Akakilaza kwenye buti, kizibo kikaruka kwenye matuta. Mtoto akaondoka bila kuonja. Mama hakumwambia mtu. Alimwaga maji moto na sabuni humohumo ndani ya buti, akafunga. Aliona ni mkosi. Kila gari lilipochuchumaa alijiambia, ni yale maziwa.

Na kumbe ni yale maziwa.

Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Nimecheka, naye akacheka mpaka akashika kiuno. Mficha uchi hazai, lakini utamwambiaje mama mzima?

Ijumaa, 16 Mei

Nimekata soketi yote. Nimeunga waya mmoja mmoja kwa risasi ya kuyeyusha, nikavisha mpira. Sakafu nimeisugua, nikaikausha. Kompyuta nimeifundisha urefu wa kila kona upya. Wafula amekuja na jeki yake kubwa bila kuitwa, akaninunulia chai. Hajasema kitu kuhusu springi. Mtu mzuri, yule.

Gari limesimama. Lakini ni mchana, na mchana hili gari ni mnafiki. Nimeliacha nje makusudi, lilowe. Mvua imeanza sasa. Kwa mara ya kwanza mwaka huu ninaiombea iongezeke, na ninaiogopa.

Jumamosi, 17 Mei

Ukungu mzito. Nimefungua geti.

Limesimama. Kona zote. Nimelizunguka, nikachuchumaa mimi badala yake, nikalitazama kwa chini. Asante Mungu.

Mama alikuja amevaa vizuri, kibuyu kipya mkononi, kimepambwa kwa shanga. Akaenda moja kwa moja kufungua buti. "Mama!" nikapiga ukelele. Akaruka, akaguna, akafunga buti. Amekwenda uwanja wa ndege na kibuyu mapajani, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umekikumbatia.

Jumapili, 18 Mei

Nimetoka kanisani, nimekaa nje ya nyumba hapa Kapsoya, viatu nimevua. Nguo zimekauka vizuri. Sina gari la mtu kichwani.

Nikaliona gari la Mama likija. Jeptum ndiye alikuwa anaendesha, Mama kando yake. Kwenye tuta alipunguza mwendo, gari likapanda na kushuka taratibu, kona zote sawa. Nikanyoosha mkono kuwapungia.

Mama hakuniona. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kibuyu kitupu mapajani. Nikashusha mkono polepole, nisimwamshe.