Papa, Maji Yamekuwa Meupe

Papa,

Tangu tukuzike Yanonge mvua zimepita mara mbili. Pirogi yako, ule mtumbwi wa kuvulia, iko kwa Tonton, ndugu yako, hukohuko kijijini. Mimi nilimaliza masomo, ile sheria ya bahari uliyoichekea: mutoto wa muvuvi wa mto anasomea bahari asiyowahi kuiona. Bon, nikapata kazi nayo. Laiti nisingepata.

Kuna kampuni hapa Kisangani inasaga mawe yawe unga na kuumwaga mtoni. Wanasema ukifika baharini, maji yatameza ule moshi unaochemsha dunia. Labda ni kweli. Mimi sina ugomvi na unga. Lakini mkataba wa kutupa vitu baharini unaongelea bahari na meli, donc, basi, patron, bosi wangu pale, akasema mto hauhusiki, tumwage. Uko mkataba mwingine unaotaja hata mito, Papa. Kifungu chake nakijua kwa namba. Nikanyamaza. Tukaita machifu wachache hotelini, wakanywa soda, nami nikaandika kwamba watu wote wa chini ya mto wamearifiwa. Nikasaini kwa jina lako, lile ulilonipa niitwe.

Juzi wakamwaga kidogo, kujaribu. Tonton akanipigia: maji meupe, nyavu nyeupe, watoto wanaogopa kuoga. "Wewe wa sheria, hii ni nini?" Nikasingizia mtandao mbaya, nikakata simu. Aibu, Papa. Aibu tupu.

Unakumbuka tulipotia majani ya kulevya samaki kijitoni? Hukuruhusu hata jani moja liguse maji kabla nyumba zote za chini hazijaambiwa zichote ya kunywa. Siku ile nilichoka, nikaruka nyumba ya mwisho, ya yule mjane. Ulinirudisha peke yangu kwenye jua kali. "Na ule mama, yeye iko nakunywa nini?" Nilikuchukia mpaka jioni. Leo najichukia mwenyewe.

Jumatatu wanamwaga tena, safari hii boti nzima. Barua ya kufuta saini yangu nimeiacha mezani kwa patron, na kazi ndiyo imekwisha hivyo. Kesho nachukua pirogi yako nishuke hadi Isangi, nyumba kwa nyumba, nikiwaambia kilichofichwa, na kwamba aliyekificha ni mimi.

Lala, Papa. Usinisamehe bado. Naanzia kwa yule mjane.

Mwanao,
Béa